Njia za Ndani ya Chipu za Magari: Maelezo ya Ufundi na Tatizo la Istilahi

Utangulizi

Makala haya yana makusudi mawili yanayofuatana. La kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili kinachoweza kufuatwa na mtu asiye mhandisi, jinsi sehemu mbalimbali za chipu ya gari zinavyopelekeana habari, na kwa nini upelekaji huo unahesabiwa leo kuwa jambo la kufa na kupona. La pili ni kuyachunguza maneno yanayohitajika katika maelezo hayo. Maana mengi ya maneno yanayojitokeza kwanza akilini ama yamekwisha kushikwa na kazi nyingine katika lugha ya magari, ama yanabeba pamoja maana mbili ambazo wahandisi wamezitenga kwa makusudi.

Mfano unaotumika ni mji wa Isiolo. Isiolo hakuna kiwanda cha chipu. Lakini kuna magari mengi, kuna mafundi, na kuna Kiswahili kinachofanya kazi kila siku baina ya watu ambao lugha zao za nyumbani ni Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru. Istilahi ikishindwa pale, imeshindwa.

Gereji na maneno yake

Kwa miaka mingi lami itokayo Nairobi ilikoma Isiolo. Gari lililokusudia kwenda Marsabit au Moyale liliiacha lami hapo, likaingia katika mawe, vumbi na mchanga kwa yapata kilomita 500, na mafundi wa mji wakaishi kwa springi zilizokatika na rejeta zilizotoboka. Kazi ya kutia lami upande wa kaskazini ilianza mwaka 2007, na miaka kumi hivi baadaye barabara ya A2 ikawa na lami hadi mpaka wa Ethiopia. Magari nayo yakabadilika. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8. Kwa hiyo vifaa vilivyowekwa katika viwanda vya Japani miaka saba au minane iliyopita huonekana leo chini ya mti wa fundi wa Isiolo, na vifaa hivyo vimejaa chipu.

Lugha ya gereji inaonyesha tabaka zake waziwazi. Tabaka la kale kabisa limetoka katika vyombo vya baharini: usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa motokaa. Tabaka la pili ni la maneno ya Kiingereza yaliyovaa sauti za Kiswahili: breki, gea, klachi, tairi, rejeta. La tatu ni la umeme: betri, fyuzi, swichi, waya wa moto, ethi, shoti. Yafaa itambuliwe kwamba karibu kila neno la tabaka hizi tatu linataja kitu kinachoshikika, au angalau kinachofuatika. Hata shoti, ambayo si kitu bali ni tukio, fundi huweza kuifuata kwa testa toka betri hadi mahali waya ulipochunika, akaikuta, akaifunga utepe.

Tabaka la nne, ambalo bado linajengwa, ni la namna nyingine. Humo mna sensa, kontrol boksi, programu na chipu. Na linalopita kati ya vitu hivi si moto wa kuwasha taa bali ni habari. Habari haichuniki wala haiungui. Inaweza kufika, kuchelewa, kupotoka au kupotea, na maneno haya manne ndiyo, kwa hakika, muhtasari wa elimu nzima inayoelezwa hapa.

Kutoka waya hadi ujumbe

Zamani kila kifaa cha gari kilikuwa na waya wake. Taa ilikuwa na wake, honi wake, kipimo cha mafuta wake. Vifaa vilipozidi, waya zikawa mzigo mzito wa shaba unaopita chini ya sakafu. Mwaka 1983 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kubuni utaratibu mwingine uitwao CAN, ambao ulitangazwa hadharani mwaka 1986 mjini Detroit, na ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliingia katika magari ya Mercedes-Benz. Mwaka 1993 ulifanywa kanuni ya kimataifa kwa jina la ISO 11898. Katika utaratibu huu vifaa vingi huning'inizwa juu ya waya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Kila kimoja husikia yote yanayosemwa na huchukua linalokihusu.

Swali linalozuka mara moja ni hili: vifaa viwili vikianza kusema kwa wakati mmoja, nani atanyamaza? Jibu la CAN linavutia, na mtu aliyelelewa katika desturi za hodi na shikamoo hatalistaajabia. Kila ujumbe hutanguliwa na namba, na namba ndogo ndiyo yenye cheo kikubwa. Vifaa vyote viwili huanza kuitaja namba yake biti kwa biti, vikisikiliza vinaposema. Katika waya ule sifuri huishinda moja. Kile kilichotamka moja kikasikia sifuri kinajua kwamba mkubwa wake anasema. Kinanyamaza papo hapo, nacho hujaribu tena baadaye. Ujumbe wa mkubwa haukatizwi wala hauharibiki, kana kwamba hakuna aliyekuwa ameanza kusema pamoja naye.

Utaratibu huu ungalimo katika magari mengi. Lakini tangu hapo yametukia mabadiliko mengine ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Gari la kifahari lilipofikia kuwa na visanduku yapata mia moja vya namna hii, wahandisi walianza kuviunganisha: kazi za visanduku kumi zikatiwa ndani ya chipu moja. Waya zilizokuwa zikipita kutoka sanduku hadi sanduku hazikutoweka. Ziliingia ndani ya chipu, zikawa nyembamba kupita unywele mara nyingi sana, na hazionekani tena kwa jicho wala hazifikiwi na testa.

Basi, kondakta, na nusu ya kipitishi

Kabla ya kuingia ndani ya chipu hapana budi kusimama kidogo mlangoni, maana mlango wenyewe una matatizo ya lugha.

Njia moja inayotumiwa na vifaa vingi kwa zamu huitwa kwa Kiingereza bus. Neno hili lilitokana na neno la Kilatini omnibus, yaani ‘kwa wote’, na gari la abiria lilipewa jina hilo kwa sababu hiyohiyo. Lakini Kiswahili kimelipokea neno katika maana ya gari peke yake. Kusema kwamba “breki hutuma habari kwa basi” mbele ya fundi aliyeegesha matatu mbili na basi moja la Moyale ni kuomba kuchekwa. Tena basi ni tamko la kukomesha maneno. Neno la pili ni gumu vivyo hivyo: kitu kinachopitisha umeme, kikitafsiriwa kwa sauti tu, hugeuka kondakta, na hapo silikoni, ambayo ndiyo mada ya chipu nyingi, ingeitwa nusu kondakta, kama kijana anayening'inia mlangoni kwa mguu mmoja.

Watunzi wa istilahi wamekwepa mtego huu wa pili kwa kutumia kipitishi, na nusukipitishi kwa silikoni na wenzake. Neno limeundwa vizuri kwa sarufi. Kasoro yake ni katika nusu. Msikilizaji hudhani kwamba silikoni hupitisha umeme nusu ya vile shaba inavyopitisha, ilhali sivyo. Sifa ya silikoni ni kwamba upitishaji wake unaweza kutawaliwa: ukitiwa chembe chache za kitu kingine, au ukisukumwa na umeme wa pembeni, hufunguka na kufungika. Ni mlango, si njia nyembamba. Hata hivyo neno limekwisha kuingia katika matumizi ya shule, na kulibadilisha sasa kungeleta hasara kuliko faida. Linalotakiwa ni kwamba mwalimu asiliache bila kulifafanua.

Kwa bus, makala haya yatatumia njia shirika. Si neno tamu, lakini halina mwenye nalo mwingine katika gereji.

Ndani ya chipu

Chipu kubwa ya gari la leo ina ndani yake viini kadhaa vya kukokotoa, kumbukumbu za namna mbalimbali, sehemu za kuchambua picha za kamera na miale ya rada, na milango ya kutokea nje kuelekea breki, usukani na vioo vya maonyesho. (Sehemu zile za kuchambua picha kwa kasi zingeitwa vichapuzi, kama neno hilo lisingekuwa tayari ni la pedali ya mafuta. Lugha ya magari ni kiwanja kilichojengwa tele.) Sehemu zote hizi hazina faida kama hazisemezani. Njia zinazoziunganisha zimepita katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni njia shirika yenyewe, iliyopunguzwa ikaingia katika chipu. Kampuni ya ARM ya Uingereza ilitangaza mwaka 1996 kanuni iitwayo AMBA, ambayo ilikubaliwa mahali pengi. Njia shirika ni kama daraja la gari moja kwa wakati: aliye juu yake anapita, wengine wote wanangoja, na pembeni amesimama mwamuzi anayetoa zamu. Magari yakiwa matatu au manne hakuna shida. Yakiwa arobaini, foleni inakuwa ndefu kuliko safari.

Hatua ya pili ni kumpa kila mtumaji njia yake kwa kila mpokeaji. Foleni hupungua sana, lakini hesabu inageuka kuwa adui. Watumaji 4 na wapokeaji 4 wanahitaji makutano 16. Wakiwa 40 kwa 40, yanahitajika 1,600. Ni sawa na kutaka Meru, Nanyuki, Marsabit, Wajir na Garba Tula kila mmoja uwe na barabara yake ya lami hadi kila mji mwingine. Fedha ya kazi hiyo haipatikani, na katika chipu nafasi ndiyo fedha.

Hatua ya tatu ni ile ambayo mji wa Isiolo unaifafanua kwa kuwapo kwake tu. Msafiri atokaye Meru kwenda Marsabit na mwingine atokaye Nanyuki kwenda Wajir hawana barabara zao wenyewe. Wote wawili huja hadi Isiolo, kisha huachana. Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, umeuchagua mji huu kwa hoja hiyohiyo, kwamba njia itokayo bandarini ifike pamoja hadi Isiolo, na hapo igawanyike, tawi moja lielekee Ethiopia na jingine Sudan Kusini. Katika chipu makutano kama haya ni vijisehemu vidogo ambavyo Kiswahili cha kompyuta kimekwisha kuviita vipanga njia. Habari haipitishwi tena kama umeme unaosukumwa toka mwanzo hadi mwisho wa waya, bali hufungwa katika mafurushi. Kila furushi lina anwani juu yake, na kila kipanga njia husoma anwani na kulisukuma furushi mbele kuelekea makutano yanayofuata. Wazo hili lilitiwa nguvu na maandishi ya Dally na Towles mwaka 2001, na ya Benini na De Micheli mwaka 2002. Mwaka 2003 ilianzishwa Ufaransa kampuni ya Arteris, ambayo kazi yake ikawa kuuza michoro ya mitandao hii kwa watengenezaji wa chipu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini taabu yote hii, kama chipu yenyewe ni ndogo kuliko ukucha. Sababu ni kwamba udogo hauzisaidii waya kama unavyozisaidia swichi. Swichi ya silikoni ikipunguzwa huwa nyepesi na ya haraka. Waya ukipunguzwa huwa mwembamba, na waya mwembamba hukaidi umeme. IBM ilipotangaza mwaka 1997 kwamba itatumia shaba badala ya alumini ndani ya chipu ilikuwa ikijaribu kupunguza ukaidi huo, lakini haikuweza kuumaliza. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio ya wengi: mara nyingi kuipeleka namba kutoka upande mmoja wa chipu hadi mwingine hugharimu muda na umeme zaidi kuliko kuikokotoa. Kwa hiyo ubanifu wa chipu ni, kwa sehemu kubwa, ubanifu wa njia zake. Waya chache, safari fupi, na vipanga njia vinavyolala wakati hakuna furushi, ndivyo vinavyopunguza joto; nalo joto si jambo dogo kwa chipu iliyo chini ya boneti, ambayo kwa kawaida hutakiwa ivumilie toka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 125 juu yake.

Kukawia na kukwama

Katika simu, mtandao unaokawia huudhi. Katika gari huua. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Habari ya breki ikikawia sehemu moja ya kumi ya sekunde, gari limekwisha kusogea mita mbili na zaidi, na katika barabara ya Marsabit ngamia hahitaji mita nyingi. Kwa sababu hiyo mbuni wa chipu ya gari hauulizi mtandao wake hukawia kiasi gani kwa kawaida. Anauliza hukawia kiasi gani siku mbaya kuliko zote, mafurushi yote yanapotoka kwa pamoja. Kiswahili hapa kina bahati: kawia na chelewa si sawa. Kuchelewa ni kupita wakati uliowekwa. Kukawia ni kuchukua muda, hata kama wakati haujapita. Istilahi mbili zinazotakiwa, moja kwa muda wa safari na nyingine kwa kosa la kupitiliza, zimo tayari katika lugha, na inashangaza kuona vitabu vikizitumia ovyo.

Liko jambo baya kuliko kukawia. Magari manne yakiingia katika makutano ya njia nne, kila moja likitaka kupita mahali palipozibwa na la mbele yake, hakuna litakaloondoka, hata yakingoja hadi jua lizame. Mafurushi huweza kukwamana vivyo hivyo, na ndani ya chipu hakuna askari wa kupuliza filimbi. Dawa mojawapo ni sheria ya kukunja kona: kila furushi liende kwanza mashariki au magharibi mpaka limalize, kisha ndipo liende kaskazini au kusini, na lisigeuke tena. Inaweza kuthibitishwa kwa hesabu kwamba mahali sheria hii inapofuatwa duara la kungojana haliwezi kukamilika. Hasara yake ni kwamba mara nyingine furushi hulazimika kupita njia yenye msongamano ilhali ya jirani ni tupu.

Aidha, katika chipu moja hupita habari za vyeo mbalimbali. Muziki wa abiria na onyo la breki vinaweza kutumia makutano yaleyale. Kanuni zinadai kwamba kilicho duni kisiweze kamwe kukidhuru kilicho kikuu, hata kilicho duni kikiwa kimepagawa na kutoa mafurushi bila kikomo. Sifa hii yafaa iitwe kutoingiliana.

Upatanisho wa kisarufi kama mfano wa uziada

Kanuni kuu mintarafu ya jambo hili ni ISO 26262, iliyotolewa mwaka 2011 na kusahihishwa mwaka 2018. Hiyo hupanga kazi za gari kwa madaraja manne, toka A hadi D, na D ndiyo nzito kuliko zote. Breki na usukani huangukia humo mara nyingi. Kwa daraja la D hudaiwa, pamoja na mengine, kwamba asilimia 99 ya hitilafu ambazo zingeweza peke yake kuleta hatari zizuiwe au zigunduliwe, na kwamba hatari itokanayo na hitilafu za vifaa isizidi mara 10 katika saa bilioni moja.

Kanuni hii imejengwa juu ya tofauti ya mambo matatu. Kuna hitilafu, kama biti moja iliyopinduliwa na chembe itokayo angani. Hitilafu ikitumiwa huzaa kosa, yaani namba isiyo ya kweli inayotembea mtandaoni. Kosa lisipozuiwa huzaa kushindwa: breki haikamati. Kiswahili cha gereji husema kuharibika kwa yote matatu. Si upungufu wa lugha, kwa kuwa maneno yapo; ni kwamba fundi wa springi hakuwa na haja ya kuyatenga. Springi ikikatika, hitilafu, kosa na kushindwa hutokea kwa mlio mmoja. Katika mtandao wa chipu hatua hizi zinaachana, na usalama wote umo katika nafasi iliyo baina yao.

Nafasi hiyo hujazwa kwa uziada, yaani kusema zaidi ya kinachohitajika ili kilichopotoka kijulikane. Wasomaji wa jarida la lugha hawahitaji kwenda mbali kuuona. Katika sentensi visu vyangu viwili vikali vimepotea, habari ya wingi na ngeli imetajwa mara tano. Msikilizaji aliyepotewa na silabi moja kwa sababu ya upepo hakupoteza kitu. Akisikia kikali badala ya vikali, anajua kwamba pana kosa, na tena anajua sahihi ni ipi, maana mashahidi wanne wanampinga mmoja. Lakini akisikia kisu vyangu, bila zaidi, anajua tu kwamba pana kosa. Hawezi kujua lipi kati ya mawili ndilo lililopotoka.

Tofauti hii ndiyo inayotumika katika chipu. Viini viwili vikipewa kazi moja na kwenda sako kwa bako, na matokeo yao yakilinganishwa kila hatua, kosa litagunduliwa lakini halitasahihishwa. Gari litapaswa kuingia katika hali ya tahadhari. Vikiwa vitatu, wawili humshinda mmoja kwa kura na kazi huendelea. Mafurushi nayo huongezewa biti za ulinganifu, na mahali penye uzito zaidi hutumika misimbo ya aina aliyoibuni Hamming mwaka 1950, ambayo kwa biti chache za ziada hutambua ni biti ipi iliyopinduka na kuirudisha. Ubora wa msimbo wa Hamming juu ya upatanisho wa kisarufi ni ubanaji: hahitaji kurudia yote mara tano.

Mfano unaweza kusukumwa hatua moja zaidi. Katika Kiswahili cha bara, Isiolo ikiwamo, husikika sana kisu yangu imepotea. Hapa viambishi viwili vinakubaliana baina yao, na kukubaliana kwao hakuonyeshi chochote kuhusu ngeli ya nomino, kwa kuwa vyote viwili vimetoka katika chanzo kimoja, yaani kanuni moja iliyorahisishwa ya msemaji. (Haisemwi hivi kwa kulaumu. Kiswahili hicho kina njia zake za kujilinda, na wazungumzaji wake wanaelewana vizuri sana.) Wahandisi wanalijua jambo hili kwa uchungu. Viini viwili vinavyokula umeme mmoja na kufuata mapigo ya saa moja vinaweza kukosea kwa namna moja kwa wakati mmoja, vikalinganishwa, vikaonekana vimepatana. Ndiyo sababu kiini cha pili mara nyingi hucheleweshwa kwa mapigo mawili au hivi nyuma ya cha kwanza, na kuwekwa mbali nacho katika chipu, ili tukio moja lisiwakute mashahidi wote wawili katika neno lilelile.

Usalama na ulinzi

Limebaki neno lenyewe. ISO 26262 inahusu usalama katika maana ya kutodhuriwa na hitilafu. Kanuni nyingine, ISO/SAE 21434 ya mwaka 2021, inahusu kutodhuriwa na adui anayeingia kwa makusudi katika mitambo ya gari. Si hatari ya kubuni: mwaka 2015 watafiti Miller na Valasek walionyesha kwamba wanaweza kulitawala gari aina ya Jeep Cherokee kutoka mbali, na kampuni yake ikayaita magari milioni 1.4 kwa marekebisho. Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo haya mawili. Kiswahili hutumia usalama kwa yote: usalama barabarani, na usalama wa taifa.

Isiolo inaonyesha ugumu wake. Kwa miongo mingi magari ya kaskazini yalisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na askari kwa kuogopa wavamizi, na aliyeuliza kama njia ni salama hakuwa akiuliza habari za breki. Mtu aliyekulia katika swali hilo akiambiwa kwamba chipu fulani ni ya usalama wa daraja la D, ana haki ya kuelewa kwamba haiwezi kuibiwa wala kuingiliwa. Naam, inaweza, daraja la D halisemi lolote kuhusu adui. Yafaa basi usalama ubaki kwa maana ya kwanza, na kwa maana ya pili litumike ulinzi, kwa kuwa kulinda kunamtaka anayelindwa dhidi yake. Jambo hili si la kungojewa sana. Mwezi Mei 2024 Marekani ilitangaza ushirikiano na Kenya mintarafu ya chipu, na tayari kiwanda cha chipu kipo katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, safari ya saa chache kutoka Isiolo. Maneno yatachaguliwa na watakaokuwa wa kwanza kuyahitaji.

Kwa fundi haja hiyo imekwisha kufika. Anapochomeka mashine ya kusomea katika gari, hupata alama inayoanza kwa herufi. U ni ya mtandao. Alama U0100 ina maana kwamba mawasiliano na kontrol boksi ya injini yamepotea. Maelezo yake huja kwa Kiingereza, na mara nyingi hupitishwa kwa mwenye gari kwa maneno mafupi: kontrol boksi imeharibika. Baina ya yamepotea na imeharibika ipo bei ya kontrol boksi nzima. Kauli ya kwanza haimtaji mkosaji: inasema kwamba habari haikufika, na habari hukosa kufika kwa sababu ya betri dhaifu, ethi iliyoshika kutu, soketi iliyolegea kwa mitikisiko ya safari, waya uliochunika, na mwishoni, baada ya hayo yote kukaguliwa, kwa sababu ya chipu.